Ile stori ya chura kwenye sufuria

Meseji ya chura imerudi tena kwa magrupu yetu hapa Lamu, ati ukimtia kwa maji ya moto aruka, lakini ukiyapasha polepole atulia tu mpaka aive, na ndivyo tulivyo sisi na wanasiasa, na takataka za mtaani, na vijana wa chuo wanaongoja wiki ya mtihani. Fundisho zuri, ila chura hayuko hivyo. Maji yakizidi joto ahangaika na akipata upenyo atoka, na ukimtupa kwa yanayochemka hana hata wakati wa kuruka, aungua.

Mkanganyo ni wa zamani. Mwaka 1869 mtafiti mmoja Mjerumani alijaribu, na chura aliyetulia ni yule aliyetolewa ubongo kwanza, mwenye ubongo alitaka kutoka. Wengine baadaye wakadai hata mzima hutulia, na hilo ndo likasambaa, ingawa wataalamu wa leo walipinga.

Kuhakikisha huhitaji sufuria (msimtese mnyama jamani), joto la mwili wake lafuata la mahali alipo, mtazame tu kisimani jua likipanda vile ajisogeza kivulini. Binadamu kuzoea shida kidogo kidogo, hilo lipo, ndo maana meseji yaingia akilini, lakini hilo ni letu, si la chura. Ikikufikia usiifowadi, mwambie na aliyekutumia.