Mipira ya maji kwenye gari la kujiundia: maneno ya kijiweni na hali halisi

Factory Five 818 ni gari la kujiundia kutoka Marekani. Unanunua fremu ya mabomba ya chuma na bodi, halafu injini, gia na vingine vingi unavichomoa kwenye Subaru Impreza ya kati ya 2002 na 2007. Kwenye Impreza rejeta na injini zinatazamana mbele. Kwenye 818 injini imehamia nyuma ya dereva, rejeta ikabaki puani. Maji ya kupoza injini yana safari ya mita mbili hivi kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi, na hapo ndipo kila mtu anakuwa fundi.

"Fremu ni bomba tupu, pitisha maji humohumo."

Wazo lenyewe si la kichaa. Porsche 917 ya 1969 ilipitisha oili ndani ya mabomba ya fremu yake ya alumini. Ila lile lilikuwa gari la mashindano, na fremu yake ilijazwa gesi yenye shinikizo ili ufa ukitokea ujulikane mara moja. Wewe una chuma kitakachooza kwa ndani bila kukuaga, na ufa mmoja penye weldi unakuondolea uimara na maji kwa mkupuo. Mabomba ya maji yapite katikati ya fremu, si ndani ya vyuma vyake.

"Mpira mmoja mrefu, nyuma hadi mbele. Viungo vichache, kuvuja kuchache."

Nusu kweli. Mpira ukishapata joto hulegea, hulalia kona ya chuma, na mtikisiko unausugua mpaka unatoboka. Ule unaorudi wota pampu, yaani pampu inayozungusha maji, ni mjanja zaidi: injini ikikimbia, pampu inavuta na mpira laini unanywea. Geji ya joto inapanda, unasimama, unafunua, mpira umeshajaa tena na huoni kosa. Sehemu ndefu iwe bomba la alumini au chuma kisichoshika kutu, mpira ubaki kwenye ncha tu, kwa kuwa injini huchezacheza kwenye vishikizo vyake. Ncha ya bomba iwe na ukingo uliovimba, maana klipu peke yake haizuii mpira kuchomoka. Wala usilibane bomba kwa nguvu kila mahali: alumini ya mita 2 ikipanda joto kwa nyuzi 70 hurefuka milimita 3 hivi.

"Linachemsha? Tafuta rejeta kubwa."

Hapa ndipo pesa za watu zinapozama. Mara nyingi rejeta haina kosa, kosa ni upepo ulionaswa ndani ya mabomba ya maji. Bomba likipanda kuruka chuma cha fremu kisha likashuka, umetengeneza mgongo, na upepo unajikalia pale juu. Maji yanapita kwa shida au hayapiti kabisa. Rejeta iko baridi, injini inaungua, na mwenye gari yuko dukani anaulizia feni.

Pitisha bomba bila mgongo. Ikishindikana, weka skrubu ya kutolea upepo pale juu kabisa. Toyota MR2, nayo injini nyuma ya dereva na rejeta mbele, ilitoka kiwandani ikiwa na sehemu zake za kutolea upepo. Kiwanda kizima kilikubali kwamba upepo hautoki wenyewe, sembuse mtu mwenye jeki mbili uani. Wakati wa kujaza, inua upande wenye skrubu uwe juu kuliko kwingine, fungua hita, mimina polepole, na usifunge mpaka mapovu yaishe. Rudia baada ya injini kupata moto na kupoa, na usiguse kifuniko cha maji kikiwa cha moto.

"Maji ni yaleyale ya kitabu cha Subaru."

Bomba la milimita 32 kwa ndani hubeba lita 0.8 kila mita. Mita nne ni lita tatu na ushei juu ya zile za kitabu, nazo zikipata moto zinavimba. Angalia kama tangi la akiba lina nafasi ya kuzipokea.

"Paipu ya petroli ipite hapohapo, njia ni moja."

Usithubutu. Bomba la maji hufika nyuzi 90, na petroli huanza kutoa mvuke mapema sana kabla ya hapo. Zitenganishe, kila moja upande wake. Kama maji yanapita kati ya viti, livishe bomba kinga ya joto kabla hujafunga bati, kwa sababu goti lako litakuwa sentimita chache tu kutoka hapo.