Vipande 200, na taa hata moja haijawaka

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliingia darasani kakumbatia boksi la seti ya elektroniki ya watoto. "Mwalimu, safari hii nimempatia ile yenye kila kitu." Juu ya boksi pameandikwa kwamba ndani mna vipande zaidi ya 200. Mwanawe wa miaka 10 alisimama nyuma yake, anaangalia sakafu. Boksi lilikuwa limekaa nyumbani wiki 3, na katika vipande vyote hivyo hakuna taa hata moja iliyokwisha kuwaka.

Nafundisha watoto elektroniki na kuandika programu hapa Dar es Salaam. Maneno ya mama yule nimeyasikia kwa wazazi wengi mno, wote wenye nia njema, wote wametoa pesa waliyoitafuta kwa jasho. Ndiyo maana leo nayajibu, dai moja baada ya jingine.

"Seti yenye vipande vingi ndiyo bora"

Sivyo. Na katika darasa langu hakuna dhana iliyowakatisha tamaa watoto wengi kuliko hii.

Tufungue boksi lenyewe. Kwenye kifuko kimoja cha plastiki mna vidude vitatu vyeusi, kila kimoja kina miguu mitatu na upande mmoja bapa. Kwa macho ni mapacha. Kimoja ni transista, cha kuwasha na kuzima umeme. Cha pili ni LM35, cha kupima joto. Cha tatu ni DS18B20, nacho cha joto, lakini kinazungumza na bodi, kile kibao chenye ubongo kinachopokea programu, kwa njia nyingine kabisa. Maandishi yao ni madogo hadi mimi mwenyewe nayasoma kwa kamera ya simu. Mtoto akiichomeka LM35 kinyumenyume, plasi kwenye hasi, inachemka mpaka inaunguza kidole. Hapo hajajifunza joto linapimwaje. Amejifunza kuogopa.

Kitabu cha maelekezo nacho kina masomo 30 na zaidi. Mtoto anafanya la kwanza, anafanya la pili, kisha anarukia skrini ya maandishi iliyo mbele huko, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha. Skrini hiyo ina pini 16, na nyingi kati yake zinahitaji waya. Ulegee waya mmoja tu, skrini inaonyesha mstari wa miraba mitupu. Mimi nikiiona miraba ile najua kwamba umeme umefika ila amri za bodi hazijafika, basi nakwenda moja kwa moja kwenye nyaya za data. Mtoto anajuaje? Anaona kitu kimewaka na hakisemi chochote. Saa tatu usiku mzazi ananipigia: "Mwalimu, skrini mbovu, waliniuzia mbovu." Si mbovu.

Seti ninayoitaka mimi inaenea kwenye kopo la biskuti. Bodi moja, waya wa USB, bredibodi (kibao cha matundu cha kuunganishia vipande), LED 10, yaani taa ndogo, za rangi tofauti, rezista (vidude vya kupunguza umeme) za oomu 220 na za kilo-oomu 10, vitufe vitatu, kinobu kimoja cha kuzungusha kama cha volyumu ya redio, kihisi kimoja cha mwanga na baza moja ya kutoa mlio. Basi. Kwa vitu hivyo tu mtoto atatengeneza taa za barabarani, taa inayowaka giza likiingia, kengele ya mlango, mchezo wa nani kabonyeza kwanza na kinanda cha sauti tatu. Ni kazi ya miezi kadhaa, maana kila kimoja kinaweza kuunganishwa upya na mwenzake.

Uchache huo una faida kubwa kuliko kuokoa pesa. Binti mmoja wa miaka 9 alikaa na LED moja dakika 20. Haiwaki. Akaigeuza, mguu mrefu ukaenda upande wa pili. Haiwaki. Akabadilisha rezista. Haiwaki. Miguu yote miwili ya LED alikuwa ameichomeka kwenye mstari mmoja wa matundu matano, na chini ya matundu hayo matano pana kipande kimoja cha bati. Umeme unapita kwenye bati, taa unaiacha pembeni. Sikumwambia. Nilimpa mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye mlio, nikamwambia agusishe matundu mawili mawili aone lipi linalia na lipi. Akaanza kugusa. Tii. Tii. Tii. Akavuka kwenda mstari wa pili: kimya. Akanyanyua uso. Akauhamisha mguu mmoja wa LED tundu moja tu kando, taa ikawaka. Wiki iliyofuata nilimkuta anamfundisha mwenzake, tena kwa mita.

Angekuwa na vipande 200 mbele yake, LED ile angeitupa dakika ya pili na kuchukua kitu kingine, na bredibodi asingeielewa mpaka leo. Vitu vikiwa vichache, mtoto hana pa kukimbilia, inambidi aulize kwa nini.

Aliyefika kwenye hesabu za kugawanya mpe na hii. LED nyekundu inachukua takriban volti 2. Bodi inatoa 5. Zinazobaki 3 zinaangukia kwenye rezista ya 220. Gawa 3 kwa 220, unapata kama ampea 0.014, yaani miliampea 14. Pini moja ya bodi iitwayo Arduino Uno inashauriwa isizidi miliampea 20. Kwa hiyo 220 haikutoka hewani, na mtoto aliyeipata mwenyewe kwa kalamu haisahau. Kwenye seti ya vipande 200 rezista inatajwa kama kiungo cha mapishi: chukua hii, weka hapa.

Kama kuna pesa iliyobaki, usimwongezee kihisi. Mnunulie mita, ile ya njano ya bei ndogo ya jamii ya DT-830 inamtosha, ila muuzaji akuonyeshe kwanza kama ina mlio wa kupimia waya, maana si zote zinao. Nitalisema hili mpaka nichoke: mita kabla ya kihisi.

"Aanze na roboti, ndiyo atapenda"

Atapenda siku mbili. Kigari cha roboti ni mota mbili, betri, bodi na kibao cha kuendeshea mota, na tatizo la kwanza huwa ni nguvu, wala si programu. Kibao cha L298N kinachokuja na seti nyingi kinakula kama volti 2 peke yake. Betri 4 za AA zinatoa 6, mota zinabaki na 4, kigari kinajikokota. Wengine wanapewa betri ya volti 9 ya mraba, ambayo haikutengenezwa kuzungusha mota na inakwisha upesi. Mtoto anadhani kakosea kuandika programu, anafuta kazi iliyokuwa sahihi. Roboti ije mwaka wa pili.

"Bila laptopu hawezi"

Elektroniki ilikuwepo kabla ya laptopu. Betri 2 za AA, taa, swichi na nyaya zenye vibanio ni mwezi mzima wa kazi kwa mtoto wa miaka 7. Akifika kwenye programu, bodi ya micro:bit inapokea programu kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, na programu-tumizi yake ni ya bure. Ukikopa kompyuta ya jirani mara moja moja, tovuti ya Tinkercad inamruhusu aunganishe sakiti, yaani mzunguko wa umeme, na kuijaribu kwenye skrini bila kununua chochote, wala hakuna kitakachoungua. Nawashauri wazazi wapitie huko kwanza. Mtoto akikaa nayo siku tatu mfululizo, nenda dukani.

Na kwa kuwa nimeitaja micro:bit: kwa aliye chini ya miaka 11 ndiyo chaguo langu, kabla ya Arduino. Mwaka 2016 Uingereza iligawa kama milioni moja kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12, na ukiishika unaona ilitengenezwa kwa mikono ya mtoto. Ina taa ndogo 25 juu yake, vitufe viwili, kihisi cha mtikisiko na dira, vyote vimeshafungwa hapohapo. Toleo la 2020 likaongezewa spika na maikrofoni. Haihitaji bredibodi siku ya kwanza. Arduino Uno naiacha kwa aliyekwisha kuwa na subira ya nyaya.

Raspberry Pi ni kitu kingine kabisa. Ile ni kompyuta, itadai skrini, kibodi na kadi ya kumbukumbu. Wazazi wanaichanganya na hizi kwa sababu zote zinauzwa kabati moja.

"Scratch ni mchezo tu, afundishwe lugha ya kweli"

Scratch, lugha ya programu ya watoto, ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ikiwalenga watoto wa miaka 8 hadi 16. Kurudia, masharti, vigeu (majina ya kuhifadhia namba au maneno), kupokea ujumbe, vyote vimo, ila mtoto anaviunganisha kama matofali badala ya kuhangaika na nukta-mkato aliyoisahau. Inapatikana kwa Kiswahili, na kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinamsumbua hilo peke yake linatosha kuichagua. Wa miaka 5 hadi 7 ana ScratchJr. Baba mmoja alimwondoa mwanawe kwenye Scratch akamweka kwenye C++, lugha ya kuandikwa kwa maneno na alama, akiwa na miaka 8. Amerudi kwangu ana miaka 10, na kompyuta hataki kuigusa.

Kwa wanaosema kwamba seti hizi si za binti, ni za kaka yake, sina maelezo marefu. Mnunulie binti naye ya kwake, isiwe ya kuazimana, kwa sababu ya kuazimana huishia mikononi mwa mvulana.

"Atapigwa shoti"

Kwa volti 3 au 5 hapana, hata akishika kwa mikono yote miwili. Shoti ya kuogopa ipo kwenye soketi ya ukutani, volti 230, na sheria yangu moja isiyo na msamaha ni kwamba mtoto hachomeki kazi yake pale. Hatari iliyomo ndani ya boksi wazazi hawaioni. Seti nyingi zina rimoti ndogo bapa, na ndani yake mna betri ya kitufe, CR2025. Mdogo wake akiimeza ikakwama kooni, inaunguza nyama ya ndani, na jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa 2. Ikitokea usimtapishe, kimbia hospitali sasa hivi. Nyumba yenye mtoto mdogo, itoe betri hiyo siku ileile boksi linapofunguliwa. Betri za lithiamu zilizofumuliwa kwenye laptopu mbovu pia sizitaki karibu na mtoto, zikigusana nyaya zinaweza kushika moto.

"Hii si orijino, ni feki"

Michoro ya Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, iko wazi kwa yeyote. Kiwanda kingine kuitengeneza bodi ileile si wizi. Wizi ni kuibandika jina na nembo ya Arduino wakati si yao. Bodi ya bei nafuu isiyojiita jina hilo inamfaa mtoto kabisa. Mara nyingi ina chipu ya USB ya CH340, na kompyuta za zamani zinaidai draiva yake kwanza, yaani programu ndogo ya kuitambua chipu hiyo. Mzazi anayeambiwa "bodi imekufa" mara nyingi ana bodi nzima isiyo na draiva, au ana waya wa USB wa kuchajia tu usiobeba data. Waya huo umenipotezea Jumamosi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo ukiwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, usitoke dukani na boksi lililofungwa. Mwombe muuzaji aichomeke bodi kwenye kompyuta yake kwa waya uleule anaokuuzia. Taa iliyoandikwa ON iwake. Bodi nyingi mpya zinakuja na programu ya kupepesa, basi na ile iliyoandikwa L itawaka na kuzima. Kisha mwambie akuonyeshe kwenye skrini kwamba kompyuta imeitambua. Ikitambua, waya unabeba data, lipa.