Titi halipati saratani kwa kugongwa

"Mtoto alinipiga teke nikimbadilisha nepi." "Nilijigonga kwenye kona ya meza." Wengi ninaowapiga mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, hapa Texas ni akina mama wa Kimeksiko na wa Amerika ya Kati, wasafisha hoteli na wapishi wa mikahawani, na maneno haya huja kabla sijauliza uvimbe ulianza lini. Kila uvimbe una kisa chake cha kugongwa, na kila kisa kina mafuta ya kuchua na miezi ya kungoja.

Kugongwa hakuleti saratani. Saratani huanza vinasaba vya chembe za titi vinapoharibika, na mara nyingi hukua kimya kwa miaka kabla haijashikika mkononi. Ukigongwa unapapasa, na ukipapasa unakuta kitu kilichokuwepo tangu zamani. Ni kweli pigo zito linaweza kuua sehemu ya mafuta ya titi na kuacha donge gumu lisilo na madhara. Lakini donge hilo na saratani hufanana mkononi, wakati mwingine hata kwenye picha. Nani atakwambia lipi ni lipi? Si mama mkwe, wala muuza mitishamba. Ni ultrasaundi na, ikibidi, sindano ya kuchukua kinyama. Na hapana, sindano hiyo "haiiamshi" saratani.

Kinachonichosha zaidi ni tawi la pili la imani hii. Anayeamini saratani hutokana na pigo huamini pia kwamba asiyegongwa hana haja ya kupimwa. Akija, akaona mashine inabana titi, basi hilo ndilo pigo lenyewe! Kubanwa ni sekunde chache, kunauma kidogo, na hakusambazi chochote. Mionzi yake ni kama ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa wiki 7 hivi.

"Huu ni ugonjwa wa Wazungu." Nusu kweli. Wanawake wa Kilatino, yaani wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati na ya Kusini, nchini Marekani huupata kwa kiwango cha chini kuliko Wazungu, na baadhi ya wenye asili ya wenyeji wa Amerika wana tofauti ya kinasaba inayowakinga kiasi. Hata hivyo hakuna saratani inayowaua Walatino wanawake kuliko hii, na kwao mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshakua. Kukosa bima kunachangia sana, na kazi ambayo ukitoka nusu siku mshahara unakatwa.

"Sina hela." Tangu sheria ya mwaka 1990, upo mpango unaosimamiwa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wa kuwapima wanawake wenye kipato kidogo wasio na bima. Pigeni simu idara ya afya ya jimbo. Ushauri wangu, ambao wenzangu wanauona wa kutisha: ulizeni mapema nani atalipia matibabu ugonjwa ukionekana. Sheria ya mwaka 2000 iliyaruhusu majimbo kuwatibu kupitia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, waliogunduliwa na mpango huo, lakini si kila mhamiaji anakubaliwa huko. Afadhali kujua mapema.

"Haliumi." Saratani changa kwa kawaida haiumi. "Kwetu hakuna aliyeugua." Wengi wanaougua hawana ndugu aliyewatangulia. "Nilishapima." Lini? Tangu 2024 jopo la kitaifa la wataalamu wa kuzuia magonjwa linashauri kupimwa kila baada ya miaka 2, kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. Wenye dalili au historia nzito ya familia wana ratiba yao.

Ukiitwa urudi kupigwa picha nyingine, njoo. Takriban mmoja kati ya kumi huitwa, na wengi wao hawakutwi na saratani. Ukihama kliniki, chukua picha zako za zamani, maana bila hizo daktari hana cha kulinganisha.

Deodoranti nayo haijathibitika kuleta saratani. Ila siku ya kipimo usipake, kwa sababu chembe zake za alumini huonekana kwenye picha kama vijiwe vya chokaa, na utarudishwa bure.