Seli moja baharini: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba planktoni wa seli moja, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, wamegawanyika makundi mawili yasiyochangamana: mimea midogo inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na wanyama wadogo wanaoila. Mgawanyo huu ni rahisi kufundisha, lakini bahari haiufuati. Noktiluka, kiumbe mwenye kipenyo cha milimita 0.2 hadi 2, hana kloroplasti yake mwenyewe, yaani sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga. Humeza diatomu, yaani mwani wa seli moja, na hata mayai ya samaki. Hata hivyo, katika Bahari ya Arabuni, ikiwemo pwani ya Oman, yupo noktiluka wa kijani ambaye ndani ya seli yake huishi maelfu ya seli za mwani zilizo hai na zinazoogelea humo, zikifanya usanisinuru na kumlisha, huku yeye akiendelea kuwinda. Msimu wa kaskazi huzaana kwa wingi mpaka maji yakawa ya kijani kizito. Kumwita mmea ni kosa, na kumwita mnyama ni kosa vilevile.

Wapo wanaoamini kwamba bahari inayomulika usiku ina fosforasi. Mwanga huo hutoka ndani ya seli zenyewe. Kasia, wimbi au samaki akiigusa seli ya noktiluka, msukumo wa umeme hupita kwenye utando wa ndani, asidi huingia katika vifuko vidogo mno, na kimeng'enya kiitwacho lusiferasi huunganisha lusiferini, kemikali inayotoa mwanga, na oksijeni. Mweko huo hauchukui hata sekunde moja.

Rangi ya maji, nayo, si kipimo cha sumu: maji mekundu huweza kuwa salama, na maji maangavu huweza kubeba mwani wenye sumu kali.

Dhana ninayoiona kuwa ya kupotosha kuliko zote ni kwamba seli moja maana yake ni maisha mepesi ya kujigawa tu. Diatomu huishi ndani ya gamba la silika, madini yanayotumika kutengeneza kioo, lenye vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine kama mkebe na kifuniko chake. Akijigawa, kila mtoto hurithi kipande kimoja na kujijengea kile kidogo cha kuingia ndani yake. Hivyo katika spishi nyingi, kizazi baada ya kizazi, baadhi ya watoto huzidi kuwa wadogo. Wakifikia udogo fulani, hutoa gameti, yaani seli za uzazi, na seli inayotokana na muungano wao hutanuka bila gamba gumu, ikarudia ukubwa wa awali kabla ya kujenga gamba jipya.