Maneno Yakipotea Ghafla, Usisubiri Kesho

Maswali haya tunaulizwa karibu kila wiki na ndugu wanaoleta wagonjwa wa kiharusi, wengine kutoka hapa Kigoma mjini na Ujiji, wengine kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako usafiri ni boti. Wengi wao wanafika siku ya pili au ya tatu. Hilo ndilo tunataka likome.

Afasia ni nini?
Ni lugha kuharibika kwa sababu ubongo umeumia. Mara nyingi chanzo ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, upande uleule unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Kwa hiyo mara nyingi utaona maneno yamepotea, mdomo umepinda na mkono wa kulia umelegea. Lakini kuna wanaopoteza maneno tu huku wanatembea vizuri, na hao ndio wanaocheleweshwa kuliko wote.

Mama ameamka anaongea visivyoeleweka. Si malaria imepanda kichwani?
Hapana, usijipimie nyumbani. Malaria kali huja na homa na mwili kuchoka, na nayo pia ni ya kukimbizwa hospitali. Kiharusi huja ghafla: jana usiku alipiga hadithi na wajukuu, asubuhi anashika kikombe anakiita "kasia", kisha anakasirika kwa sababu anajua amekosea. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, arudie sentensi fupi kama "dagaa wamekauka juani". Kimoja tu kikigoma, safari ianze.

Tukimpa dozi ya malaria kwanza, tukaona asubuhi?
Hapana. Asubuhi ni kuchelewa.

Wazee wanasema ni mashetani, tuanze kwa mganga?
Tunawaheshimu wazee wetu, ila jibu ni lilelile: hapana, hospitali kwanza. Mgonjwa aliyezungushwa kwa waganga siku tatu anatufikia akiwa amepaliwa, uji umeingia mapafuni, sukari haijapimwa, presha haijaguswa. Sehemu ya ubongo inayokosa damu hufa kadiri muda unavyokwenda, na iliyokufa haifufuki kwa dawa ya kienyeji wala ya hospitali. Anayetaka kumwombea amwombee ndani ya gari.

Kwa nini mnasisitiza masaa?
Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine, kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Si kila hospitali ina huduma hiyo. Hata isipokuwepo, nenda haraka: sukari iliyoshuka sana inaweza kufanana kabisa na kiharusi na hurekebishwa kwa dakika chache, presha inahitaji mtu anayejua aishushe kiasi gani, na lazima ipimwe kama mgonjwa anaweza kumeza. Kariri saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Ndilo swali letu la kwanza mkifika.

Njiani tumpe nini?
Msimpe kitu. Si maji, si uji, si chai ya sukari, si mawese. Koo linaweza kuwa limelegea na atapaliwa. Msimpe kidonge cha presha cha jirani. Msimpe aspirini, kama mshipa umepasuka, inaweza kuzidisha damu kuvuja. Msimchome vidole kwa sindano. Akiwa amelegea au anatapika, mlazeni kwa ubavu.

Baba haongei tena. Akili zimekwenda?
Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Watu wanamketisha mzee uani, wanauza kiwanja chake mbele yake, wanamsema kana kwamba hayupo. Lugha na kufikiri si kitu kimoja. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi "tan". Mtu yule alielewa mengi aliyoambiwa na alijibu kwa ishara za mkono. Alipofariki, Broca aliona jeraha upande wa kushoto wa mbele wa ubongo. Baba yako naye anaweza kuwa anawatambua wote, anajua deni analodaiwa na anajua boti ni ya nani. Wapo pia ambao kuelewa kwenyewe kumepungua, lakini hilo linapimwa, halikisiwi. Muulizeni mambo yake.

Mbona sala anaimaliza yote lakini hawezi kuomba maji?
Sala, nyimbo, kuhesabu na hata matusi ni maneno yaliyozoeleka, hutoka kama mnyororo. Kuomba maji ni kutunga sentensi mpya. Hafanyi makusudi, acheni kumgombeza.

Tumsemeshe Kiha au Kiswahili?
Lugha aliyoizoea nyumbani. Zote mbili zinaweza kuwa zimeumia, na moja ikatangulia kurudi, ifuateni hiyo. Zimeni redio. Aseme mtu mmoja, sentensi fupi, kisha mnyamaze mumpe nafasi. Ulizeni maswali ya ndiyo au hapana, onyesheni kitu chenyewe. Msimmalizie neno kila mara. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi itafanyika kwenye mkeka wenu, kila siku, kwa miezi.

Maneno yalipotea dakika kumi, sasa yamerudi. Bado twende?
Ndiyo, leo leo. Hicho ni kiharusi kidogo cha kupita, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache. Mwambieni tabibu hivi: "Alipoteza maneno ghafla, yakarudi." Msiseme tu kwamba alikuwa na kizunguzungu.