"Fundi, nibanie"

Neno hili nimelisikia mpaka cherehani ingekuwa na mdomo ingejibu yenyewe. Jumamosi iliyopita kaja nalo kijana wa miaka ishirini na kitu, shati la mitumba mkononi, kalinunua Kongowea shilingi 200. Shati zuri wallahi: pamba tupu, buluu iliyokoza, mabega yamemkaa kama alipimwa. Jumapili jioni ana miadi na mtu kule Mama Ngina, na ataka shati "lishike mwili". Nikamzungusha mbele ya kioo nikamwambia, "Mwanangu, hili halitaki kitu ila kupunguzwa urefu inchi mbili." Akanitazama kama nimemwambia aende miadini kavaa gunia.

"Ami, hivyo ni kizee. Nibanie mpaka hapa." Akajifinya ubavuni.

Nimechoka kulijibu jambo hili mtu mmoja mmoja. Nalijibu hapa, kisha niyajibu na mengine yanayokuja nalo.

Dhana: nguo ikibana ndiyo imekukaa

La. Kukaa ni kitu kimoja na kubana ni kingine. Nguo iliyokaa huning'inia, nguo inayobana huvutwa, na tofauti yake haihitaji ufundi kuiona, kwa sababu kitambaa kikivutwa huchora mistari. Tazama shati lililobanwa: kwenye kila kifungo pana mistari inayokimbilia ubavuni, na kati ya kifungo na kifungo pamefunguka kijidirisha, fulana ya ndani yachungulia. Tazama suruali: masharubu yametoka msambani yakaenda mapajani, na mifuko ya pembeni imetanuka kama masikio ya popo. Jicho la mtu hufuata mistari hiyo. Wewe wadhani anakutazama kifua, kumbe anatazama kifungo, anangoja kitoke.

Shati huanzia mabegani. Mshono wa bega utue pale mfupa unapoishia, usipande shingoni wala usiteremke mkononi. Hapo pakikaa, mengine yote ni kazi ndogo: ubavu hupunguzwa, urefu hukatwa, mkono hufupishwa. Pasipokaa, lirudishe kwenye fungu la mwenye mitumba hata likiwa zuri vipi, maana kulitengeneza bega ni kufumua mkono na pengine kola, na ukisikia bei yangu utaona afadhali ungenunua mengine mawili. Ajabu ni kwamba hili la bega hakuna anayeniuliza. Wote waanza ubavuni.

Kutoka begani kwenda chini, nguo yataka nafasi. Shati la kutembelea lizidi kifua chako kama inchi 4 kwa mzunguko wote. Mtu mwembamba sana, inchi 3 zamtosha. Msidhani fundi anawaibia kitambaa. Kifua hupanuka ukivuta pumzi, mgongo hupanuka ukinyoosha mikono kushika usukani wa pikipiki. Nafasi hiyo ukiinyima nguo, itaitafuta yenyewe, na itaipata kwenye mshono. Mkono mfupi uishie katikati ya msuli wa juu, vidole viwili vipite bila kulazimisha. Shati la kuachwa nje liishie katikati ya zipu. Likipita hapo likafika mapajani, hilo ni kanzu ambayo haikumalizwa.

Kipimo changu ni rukuu. Simama safu ya pili msikitini siku ya Ijumaa uone: imamu akirukuu, mashati yaliyobanwa hupanda kama pazia na suruali zilizobanwa hushuka, na aliye nyuma swala yake imeharibika. Uwe Mwislamu au Mkristo, kipimo hiki chafaa. Mikono magotini, mgongo uwe sawa, mwenzako akutazame kwa nyuma. Kipimo cha pili ni tuktuk. Inua goti kama wapanda. Suruali zilizopasuka msamba ambazo huletwa hapa, nyingi zimepasukia mlangoni mwa tuktuk, na mwenyewe huja kafunga sweta kiunoni mchana wa jua kali, nami hujua kabla hajafungua mdomo.

Halafu, jamani, hapa ni Mombasa. Jasho halikupoozi kwa kutoka tu, lazima likauke, na hewa yetu ya pwani imeshiba maji, jasho lakauka polepole. Kinacholisaidia ni upepo kupita kati ya ngozi na kitambaa. Kaskazi ikishika, joto la mchana Februari au Machi likafika nyuzi 32 au 33, shati lililogandana na mgongo halina pa kupitisha upepo. Dakika kumi kwa miguu kutoka Marikiti na una ramani mgongoni. Wazee walioshona kanzu pana hawakuwa wajinga. Kuna utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1980, waliuliza kwa nini Mabedui wa jangwani huvaa majoho meusi na jua lote lile. Wakapima, wakakuta joho jeusi hunyonya joto zaidi kuliko jeupe, ila joto lile la ziada halifiki kwenye ngozi, maana joho ni pana na hewa inayopita chini yake hulichukua. Jeusi au jeupe, ngozi ilipata joto lile lile. Sasa libane joho hilo lishike mwili uone kama hesabu hiyo itasimama.

Na hao wanaobana ili waonekane wana miili! Mwembamba akibana haonekani na msuli, aonekana mwembamba zaidi. Miguu huwa njiti, viatu huwa majahazi. Mwenye kitambi akibana, kitambi ndicho kitu cha kwanza kuingia mlangoni. Mwenye mwili wa mazoezi, huyo peke yake ndiye angeweza kubana, na ndiye asiyehitaji, maana mabega yake yatalijaza shati hata likiwa na nafasi.

Mtaniambia, mbona wale wa kwenye picha wamebana na wamependeza? Yule wa kwenye picha kasimama. Hakai, hali, hapandi tuktuk. Na mara nyingi nguo yake imevutwa ikabanwa kwa vibanio mgongoni, upande usiopigwa picha. Hata sanamu za madukani, zizungukeni muone pini.

Suruali ya jinzi yenye nyuzi za kuvutika nayo yawadanganya. Mwaivaa dukani, yavutika, mwasema imekaa. Nyuzi zile hazipendi joto. Zianike juani kila wiki, zipige pasi ya moto, baada ya miezi michache hazirudi. Magoti yametoka mbele kama umepiga magoti toka asubuhi na nyuma kumelegea. Suruali ya kawaida ipime hivi: ukiwa umesimama, shika kitambaa cha paja kwa vidole. Ukipata kama inchi moja kila upande, chukua. Chini igusane na kiatu tu, isirundikane.

Dhana: basi nguo pana itaficha kitambi

Huyu ni ndugu yake yule wa kwanza, na huja kwangu akiwa na miaka arobaini. Haifichi. Bega la shati likishuka mpaka katikati ya mkono, mtu mzima huonekana kama hema limesimamishwa na upepo, na anayekutazama hukisia tumbo kubwa kuliko ulilonalo. Dawa ni ile ile: bega likae, chini pawe na nafasi, shati liwe na ncha iliyonyooka na liachwe nje. Mshipi uwe juu ya mfupa wa nyonga, usiwe chini ya kitambi kama machela.

Dhana: nyeupe kwa joto, nyeusi kwa kupendeza

La joto nimelieleza. Rangi mnayopaswa kuiogopa Mombasa hamuijui, nayo ni kijivu. Tisheti ya kijivu hutangaza kila tone la jasho kwapani. Vaa nyeupe, vaa buluu iliyokoza, vaa yenye maua madogo au mistari, tone halionekani. Nyeusi yenyewe ikipigwa jua na chumvi ya jasho hupauka na kubaki na mabaka meupe, na mtu aliyevaa nyeusi iliyopauka huonekana ana shida nyumbani.

Dhana: jina kwenye kifua ndilo linalopendezesha

Hapa sina subira. Herufi ni uzi. Nina uzi hapa, nikushonee mamba, farasi au ngamia, lipi walitaka?

Pesa ya jina ipeleke kwenye kitambaa. Mitumbani usisome lebo ya shingoni, soma ile ya ubavuni inayotaja kitambaa. Ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, nenda nao nyumbani uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake hupukutika. Polista huyeyuka, hujikunja, hubaki kijitonge kigumu cheusi. Utajua umebahatika au umeuziwa mfuko wa plastiki wenye kola. Na nambari za saizi msizitegemee pia. L ya Marekani na L ya Uchina si ndugu, na suruali iliyoandikwa 34 nimeipima kwa futi nikapata 36, kampuni zapenda kuwabembeleza wenye viuno. Nunueni futi. Yakunjika ikaingia mfukoni.

Dhana: marashi humaliza kazi

Marashi juu ya shati la polista lenye jasho la jana ni harufu mbili badala ya moja. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha jambo ambalo wafuaji wa nguo walishalijua: waliwafanyisha watu 26 mazoezi ya baiskeli, wakayaweka mashati yao kando kwa zaidi ya siku moja, kisha wakayanusa. Ya polista yalinuka vibaya kuliko ya pamba, maana bakteria wanaotoa harufu ile hustawi humo. Tisheti za mpira ni za uwanjani, zivueni mkitoka uwanjani. Nguo safi ya pamba ifukize udi kidogo kabla ya kuvaa, yatosha. Bibi zetu walikuwa na tenga maalumu kwa kazi hiyo, na hakuna aliyewakimbia.

Dhana: kitani hakifai kwa kuwa chakunjana

Chakunjana, ndiyo. Ndivyo kilivyo. Kipige pasi kikiwa na unyevu, toka nacho nje, usijishughulishe nacho tena. Mikunjo ya kitani ni midogo na imetapakaa. Inayoaibisha ni ya polista iliyokaa siku tatu kwenye kapu.

Dhana: kikoi ni cha wazee na watalii

Mzee na mtalii wote wamejua kitu ambacho wewe hujakijua. Kikoi cha pamba kutoka Mtaa wa Biashara, tisheti nyeupe yenye bega lake, makubadhi yaliyopakwa mafuta, jioni barazani. Nimeoa hivyo. Siongezi neno.

Sasa mkija kwangu, mambo mawili. La kwanza, mkileta kitambaa cha pamba cha kushona, kiloweni usiku kucha kwenye maji ya baridi, mkianike kivulini, ndipo mkilete. Pamba hunywea maji ya kwanza, na nikiishona kabla haijanywea, lawama itakuja kwangu baada ya kufuliwa. Nasema hivi kila siku na kila siku naletewa kitambaa kikiwa bado na karatasi ya dukani. La pili, suruali ya kupunguzwa urefu njooni na viatu mtakavyovivalia. Kuna mtu kaja na champali, nikampimia, kesho yake kavaa raba nene, karudi kunigombeza kuwa nimemkata mguu.

Na yule kijana wa Jumamosi, nilimbania. Pesa ni zake na shati ni lake. Ila sikukikata kitambaa cha ndani, nilikikunja inchi nzima kila ubavu nikakishika kwa mshono mrefu unaofumuka kwa dakika tano. Jumanne saa nne asubuhi nikaona tuktuk imesimama nje, na mtu ndani yake kashika mfuko, ateremka polepole, upande upande.