Kuandikishwa si kupunguza moshi

Wengi hapa Goma wakisikia mji au kampuni fulani imeandikishwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wanaopambana na mabadiliko ya tabianchi, wanadhani moshi umekwisha kupungua na kuna mtu aliyekwenda kupima. Sivyo. Orodha hiyo, iliyoanzishwa mjini Lima, Peru, mwaka 2014 kwa jina NAZCA, ilianza kwa kukusanya ahadi, na taarifa nyingi hutolewa na wahusika wenyewe.

Kufuatilia ni kazi nyingine. Tuseme shirika linagawa mbabula (majiko) za kisasa huku kwetu, ambako makala (mkaa) mengi hutoka msitu wa Virunga. Kuhesabu mbabula zilizogawiwa ni rahisi (na wafadhili hupenda picha). Lakini je, mama anaipikia, au ameitupa nyuma ya nyumba? Gunia la makala lilimfikisha siku ngapi zamani, na sasa ngapi?

Halafu kuna hili linalosahaulika: mji, kampuni na shirika wakichangia mradi mmoja, kila mmoja akaandika tani zote za moshi uliopungua kuwa zake, upungufu uleule umehesabiwa mara tatu, hata kama hakuna aliyedanganya.